Kuhusu Zile Herufi Ulizofuta

Panji,

Wali na tempe ya soya vimo kabatini. Nimekwenda sokoni kununua maua ya kaburini, nitarudi kabla ya adhuhuri.

Asante kwa kuipanga kompyuta. Sasa kila programu ina herufi yake ya kuifungua, zimejipanga kama wanafunzi kwenye gwaride. Ila Ctrl, Alt na K umezifuta. Ukaniambia, "Mama, zilikuwa zinafungua muziki tu, na humu nani anasikiliza keroncong?"

Hakuna, mwanangu. Hata baba yako hakuwa akisikiliza. Alikuwa akizibonyeza, wimbo unalia mpaka jikoni, nami najua anataka kahawa. Miaka kumi na moja hakuinuka kitini kuja kuniita. Mvivu yule, Mungu amrehemu.

Tangu tumzike nazibonyeza mwenyewe kila asubuhi, ndipo naenda kuchemsha maji. Leo nimebonyeza, kimya.

~~Basi, acha tu, si kitu.~~

Zirudishe leo, na wimbo uwe ule ule. Nikifika nitapitiliza jikoni. Bonyeza wewe, nisikie kama zinafanya kazi.

Mama