Mama, Wamesema Temeke Tumeendelea

Mama, shikamoo.

Mkono umeandika shikamoo kabla sijakumbuka kwamba hutaitika. Basi iache ikae. Arobaini yako imekwisha pita, watu wamerudi kwao, na mie nimebaki na hasira ambayo sijui nimpelekee nani zaidi yako.

Wamesema Temeke tumeendelea.

Unazikumbuka zile fomu nilizozunguka nazo mwaka jana, nilipokuwa karani wa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya? Nyumba kwa nyumba, nauliza kila mtu anapata nini kwa mwezi. Nilipofika kwetu nilikaa mkekani kama mgeni, nikakuuliza ukunga unakulipa nini. Ulicheka. Ukasema wengine hukupa kuku, wengine hukupa dua. Nikaandika kuku. Kisha ukaniuliza, "Mbona huniulizi maji nateka wapi? Mbona huniulizi watoto niliowapokea, wangapi wako hai?" Nikakujibu kwamba fomu haina nafasi ya hayo. Nilikujibu kwa sauti ya ofisini, Mama. Sauti ile naijutia mpaka leo.

Wewe ulijua. Uliwapokea watoto wa mtaa mzima, na wengi ukawaosha kwa maziko kabla hawajaota meno. Ulisema ni kisima. Masika yalipokiingizia uchafu wa vyoo, homa ya matumbo ikakulaza na wewe. Hospitali iko mjini. Tulikusukuma kwa mkokoteni, na ukatutoka tukiwa Keko, njiani, mkono wako ndani ya wangu.

Mwezi uliopita Bwana Shauri aliitisha mkutano. Yeye alisoma Kiingereza, mie nikatafsiri. Ombi letu la bomba na zahanati lingoje, alisema, kwa sababu fomu zimeonyesha kwamba wastani wa pato la mtu wa Temeke ni mzuri kuliko ilivyodhaniwa. Maana yake walijumlisha mapato ya wote, ya Mzee Sefu mwenye malori na ya Bi Tatu muuza vitumbua, wakayagawa sawasawa kwenye karatasi. Bi Tatu akapewa kipande cha lori ambalo hajawahi hata kulipanda.

Nilitafsiri mpaka hapo, nikashindwa kuendelea. Nikasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza ili asikie mwenyewe: "Fomu hizi nilizijaza mimi. Hazikuuliza nani amekufa. Mama yangu amekufa."

Akaniamuru nikae. Sikukaa.

Hapo Mzee Sefu akasimama. Nilidhani atanisema kwa kuwa nimewaharibia watu mkutano. Akaongea taratibu, hata hakumtazama Bwana Shauri. "Mie malori ninayo. Na wanangu wawili wameuawa na maji ya kisima hikihiki. Hilo nalo mligawe."

Hayo sikuyatafsiri. Nadhani Bwana Shauri aliyaelewa hivyohivyo.

Jumatatu nilikuta mtu mwingine kwenye meza yangu. Mkweo Zena hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nimekula. Sasa nabeba magunia bandarini. Bomba halijaja, sitakudanganya, na asubuhi ya leo wanawake walikuwa kisimani kama kawaida.

Ila nikitoka bandarini nazunguka tena, safari hii na daftari la shule. Bi Tatu hunitangulia kubisha hodi, maana kwake wanawake hawafichi kitu. Tunauliza maswali yako. Maji mnateka wapi? Mgonjwa mnampeleka wapi, na kwa nini? Nani hapa anajua kusoma? Mmezika nani? Hilo la mwisho hatulirudii, tunangoja mpaka mama mwenye nyumba aanze mwenyewe. Na hawatupi idadi, wanatutajia majina. Nami naandika majina.

Mzee Sefu amesema daftari likijaa atanipakia kwenye lori lake mpaka kwa Mkuu wa Jimbo. Wakinifukuza mlangoni, nitarudi kesho yake. Hilo nakuahidi, na kwako sijawahi kuahidi nisitimize.

Kwaheri, Mama. Mungu akulaze pema. Atakayetaka kujua Temeke tumeendelea kiasi gani, itabidi alifungue daftari hili, na ukurasa wa kwanza atakutana na jina lako.

Mwanao,
Hamisi