Watoto Wawili Wanaingia, Mmoja Anatoka

Yaya Georgette, dada yangu mkubwa wa kazini,

Nakuandikia kutoka kituo chetu cha afya cha Katuba, kwenye meza yako. Nimeikalia mimi sasa. Ungekuwepo ungesema nimekirukia kiti chako kabla hakijapoa, nami ningekujibu kwamba kiti chenyewe kinayumba vilevile kama ulivyokiacha na hakuna aliyekigusa.

Sitakuzungusha. Kyungu wako amekufuata. Alikufa kwenye baridi ya mwezi wa saba, na nafikiri wewe ulimpokea kabla sisi hatujaamini. Kabange, pacha wake, yuko hai. Lakini kwenye mashine ya kituo, Kabange naye amekufa, kwa sababu mashine haikujua kamwe kwamba walikuwa wawili. Na mtu aliyekufa hapewi dawa. Wewe unajua mtoto wa SS, mwenye selimundu, bila dawa anafika wapi, hasa huyu ambaye amebaki peke yake. Ndiyo maana nimekaa chini nikuandikie.

Mambo yalianza kuharibika ukiwepo, Yaya, na tangu uondoke yamezidi. Wale wafadhili waliotujengea kituo, waliokuja kila mwaka kupiga picha na watoto, waliondoka kwa barua ya mistari michache. Wenzetu wengi walikusanya vikombe vyao na kwenda nyumbani. Vita vya kule mashariki vimepandisha bei ya kila kitu hata huku kwetu, umeme unakuja unapotaka, na mabomba yanakohoa tu. Sisi wawili tulibakishwa kwa sababu moja: hakukuwa na wengine walioijua programu yetu ya zamani. Shirika jipya lilikubali kutuletea dawa, ila kwa sharti kwamba kila mtoto awe na namba kwenye programu yao. Namba hakuna, dawa hakuna.

Hiyo ndiyo kazi uliyoianza na mimi. Kuchukua fishi za watoto, kadi zao za matibabu, toka programu ya zamani, kuzipitisha kwenye mpya, halafu kulinganisha kilichoingia na kilichotoka, na kila kinachopotea njiani kukiandikia fishi ya kasoro. Siku za kwanza nilifurahi kila mashine ilipoonyesha rangi ya kijani. Wewe ulinipiga kofi dogo mkononi. "Mudogo, vert haisemi kintu. Fungua, angalia mu ndani." Tukafungua. Mle ndani tukakuta watoto wote wa Lukafu wamezaliwa siku ya Bonane. Mama zao walijua mwezi tu, mwezi wa kuvuna mahindi, na programu ya zamani iliridhika na mwezi. Mpya ilitaka siku, ilipoikosa ikawapa wote tarehe moja Januari. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Ulisema Lukafu nzima itatudai keki.

Kisha ukataka kupima mapacha. Ulisema tutumie fishi za wanao, maana hao wakivurugika ni wako, hutagombana na mama wa mtu. Tukazipitisha. Mwamba Kyungu na Mwamba Kabange waliingia, akatoka Mwamba mmoja. Programu ilikuwa na sehemu ya jina la baba na sehemu ya jina la ubatizo. Ile ya katikati, inayobeba jina ambalo mapacha wa kwetu wanakuja nalo wenyewe bila kuchaguliwa na mtu, haikuwepo kabisa. Na programu ilifundishwa hivi: ikiona jina la baba ni moja, jina la mama ni moja, siku ya kuzaliwa ni moja, basi ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili kwa uzembe. Inafuta mmoja na kujisifu kwamba imesafisha.

"Ye! Mashine imekula mutoto wangu!" ulisema, ukacheka. Halafu hukucheka tena. Uliandika fishi hiyo kwa mkono wako, na juu yake ukaweka maneno ambayo kila mtu angeyaelewa: watoto wawili wanaingia, mmoja anatoka. Uliyapigia mstari mara mbili. Chef, mkuu wetu wa kituo, alipokuja ulimwambia hii si ya kungoja. Wiki hiyohiyo presha ikakuangusha jikoni kwako, na hukuamka.

Sasa nikuambie kuhusu chef, na usimlaani haraka. Dawa zilikuwa zimefika, zimekaa kwenye makatoni, na shirika halikuruhusu kufungua hata moja kabla programu mpya haijaanza. Koridoni watoto walikuwa wanalia na mifupa yao. Nilimwekea fishi yako mezani, nikamwambia mapacha watapotea. Aliisoma yote. Akaandika juu yake kwamba ni kasoro ndogo. Nilikataa kutia sahihi kwenye karatasi ya kupokea programu, nikamwambia mimi jina langu halikai hapo. "Madame Aline," aliniambia, "tukingojea bale bawili, bengine bote batakufa. Unataka nifanye nini?" Swali hilo linaniudhi mpaka leo, Yaya. Alitia sahihi peke yake. Fundi wa shirika alisema kasoro itatengenezwa kwenye toleo litakalofuata. Alisema kwa simu, toka nchi ambayo hata saa zake si zetu.

Hivyo wanao wakawa mtoto mmoja. Jeanne, mdogo wako wa tumbo moja, aliwachukua kwake kule Annexe, na amewatunza vizuri, sina neno juu yake. Kila siku ya dawa alikwenda na wote wawili, akawasimamisha mbele ya dirisha ili waonekane, na kila mara alipewa fungu la mtoto mmoja. Nilizunguka nikiomba la pili. Mara mbili tatu mfamasia alinipenyezea, kisha naye akabanwa, kila kidonge kikawa kinatoka kwa namba. Jeanne akafanya alivyoweza. Leo anakunywa Kyungu, kesho anakunywa Kabange. Watoto walizoea wakafanya mchezo, aliyekuwa na zamu alimtania mwenzake kwamba leo yeye ndiye mzima.

Baridi ikaja. Unaijua baridi ya Annexe, nyumba za matofali mabichi, upepo unaingia chini ya mlango. Kyungu alianza na maumivu ya miguu, yakapanda mgongoni, yakaingia kifuani. Walimleta kwa pikipiki, Jeanne nyuma, mtoto katikati amefungwa blanketi. Nilikuwa hapa. Nilimshika mkono, ulikuwa na moto. Aliniuliza kama ni zamu yake. Nikamwambia ndiyo, leo ni yako. Dawa ya siku moja haiwezi kulipa ya miezi. Alikufa kabla ya jioni, Yaya, mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Hatukumlilia. Nilitaka, lakini wamama walinizuia. Mama mmoja alinishika mabega akasema, "Mapasa habaliliake. Ukilia, utamuita na mwenzake." Wakaimba zile nyimbo za mapacha, za matusi, ambazo wewe ulikuwa unaziimba ukiosha vyombo ili kuniudhi mimi mtoto wa kanisa. Niliimba nao. Nilitukana kwa sauti kubwa kuliko wote, na sikuwa nikimtukana aliyetajwa kwenye wimbo.

Muuguzi alifanya kazi yake. Alifungua fishi ya Mwamba, ile moja iliyokuwepo, akaandika amefariki. Siku ya dawa iliyofuata Jeanne alikuja na Kabange. Mvulana wa dirishani akatazama kioo cha mashine, akamtazama mtoto, akatazama kioo tena. "Mama, ku machine huyu mutoto alishakufaka." Alisema hivyo na Kabange amesimama hapo, na sweta ya ndugu yake mwilini. Jeanne alikaa chini sakafuni. Nilimsikia toka ofisini nikatoka mbio.

Nilijaribu kumfufua kwenye programu. Haifufui. Nilijaribu kumwandika upya kama mtoto mgeni. Ikakataa, ikasema mtu huyu yupo tayari, na amekufa. Chef akataka ushahidi kwamba walikuwa wawili, nami nikamwambia ushahidi huo hapo unakohoa. Akasema hata yeye anamwona, ila shirika halimwoni, litataka data. Na data ya zamani, unajua ilikuwa wapi? Walipouza vitu vya mradi wa zamani waliuza na mashine yetu, pamoja na viti na feni. Hakuna aliyekumbuka kuifuta. Watoto wote wa kituo, majina yao na ugonjwa wao, waliuzwa na feni.

Aliyenunua ni Papa Kasereka, yule mtu wa Butembo, kule mashariki, anayeuza maharage na mafuta kwa jumla. Nilimkuta depo yake nusu tupu, mizigo ya kwao haifiki tena kwa sababu ya vita. Niliogopa ataniona kichaa. Aliniacha nimalize, kisha akasogeza magunia mwenyewe, akawasha jenereta, akasema kwao nako watu wanatafuta majina ya watoto wao. Mashine ikawaka. Picha ya wanao uliyoweka kwenye kioo ilikuwa bado ipo. Nikafungua programu, nikaandika Mwamba, na wakatoka wote wawili, Kyungu juu, Kabange chini yake. Hapo ndipo nililia, Yaya. Papa Kasereka alitoka nje akajifanya anaangalia jenereta. Nilinakili kila kitu, na kwa ruhusa yake nikafuta ambavyo havikupaswa kuuzwa.

Shirika lilijibu ujumbe wetu. Walishukuru. Walisema kasoro imeandikwa na itashughulikiwa. Hawakusema lini. Kabange alikuwa ameanza kulalamika magoti.

Kwa hiyo nimefanya jambo, na nakuambia wewe wa kwanza. Chef alisema anatoka kununua yuniti za simu. Hakuwa na haja ya kuniambia anakokwenda, hajawahi kuniambia. Alipotoka nilifungua ukurasa mpya nikamwandika Kabange. Jina la baba yake, jina lako, anwani ya Jeanne. Tarehe ya kuzaliwa niliisogeza siku moja mbele. Programu ikafikiri kidogo, ikakubali, ikaniwashia rangi ya kijani. Kazi yetu sisi wawili ilikuwa kukamata uongo wa namna hiyohiyo, na mimi nimeuandika kwa mikono yangu, na kesho nikitakiwa nitauandika tena. Halafu niliuandikia fishi ya kasoro kama nyingine zote: tarehe hii si ya kweli, imewekwa na mimi, sababu ni hii, tarehe ya kweli ni hii. Nimetia sahihi. Hapo jina langu linakaa.

Na nakuahidi jambo moja. Katika nakala niliyotoa kwa Papa Kasereka kuna mapacha wengine, na kila Kyungu mle ndani ana Kabange wake. Nimeanza kuwatafuta nyumba kwa nyumba, kuanzia hapa Katuba. Kila nitakayemkuta amemezwa nitamtoa, na kila uongo nitakaotumia kumtoa utakuwa na fishi yake. Siku programu itakapotengenezwa, nitarudisha tarehe zote mahali pake mimi mwenyewe. Nikifukuzwa kabla ya hapo, fishi hizo ziko kwa Jeanne na kwa Papa Kasereka.

Leo asubuhi nilimpeleka Kabange dirishani. Njiani nilimfundisha tarehe yake mpya, nikamwambia akiulizwa aseme hiyo na si nyingine. Akairudia njia nzima. Alifika, akaulizwa, akaisema bila kukosea. Akapewa fungu zima. Alimeza kidonge palepale kwa maji ya kikombe changu, na hakumtazama mtu kujua kama ni zamu yake.

Tulipofika nje alisimama. Akasema kama yeye alizaliwa siku hiyo mpya, basi wewe ulimzaa Kyungu, ukalala, ukaamka, ukamzaa yeye peke yake. Nikamwambia ni kwenye mashine tu. "Na mama," akaniuliza, "iko anajua?"

Nikamwambia nitakuandikia leo. Basi sasa unajua, Yaya. Pumzika. Umshike Kyungu, huyu wa huku nimemshika mimi.

Mdogo wako,
Aline