Amemgeuza Mchumba Kuwa Jiwe

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie kabla urafiki wangu haujavunjika. Mimi na jirani yangu wa dawati, ambaye darasa zima linamwita Kifutio kwa sababu hajawahi kuwa nacho, tunaandika riwaya ya wanamazingaombwe katika daftari moja, yeye sura moja, mimi sura moja, na tuliapa kwamba hakuna kufuta alichoandika mwenzako. Wahusika wetu ni mabinti wawili, wa kwangu akipiga chafya maua yanachanua, wa kwake anaongea na moto, na walianza safari pamoja, lakini sura ya sita nilimleta fundi vioo mpole mwenye makovu mikononi, na Shangazi, nakiri, nilimpenda mimi kabla binti yangu hajampenda, basi yule wa moto nikamwacha langoni alinde farasi. Sura ya saba Kifutio akamrudisha ndani, ya nane nikamtoa tena, maana kulikuwa na uchumba wa kupanga. Sura ya tisa Kifutio akaandika sentensi moja tu: "Fundi vioo akageuka jiwe." Nilipomuuliza akasema, "Si mchumba wako? Mbusu hivyo hivyo." Leo ni siku ya nne hatusemeshani, hata rula ananiomba kwa kidole. Je, nimfufue fundi wangu, au nianze daftari langu peke yangu? Natumaini Kifutio bado ananipenda.

Mwanangu, nimecheka hadi miwani ikaanguka, kisha nikakukasirikia kidogo. Usione aibu kumpenda mtu wa wino, wengi tumepita huko. Lakini makovu ya fundi umeyaona, na uso wa rafiki yako hukuutazama! Kifutio hana ugomvi na fundi vioo. Binti wa moto ni yeye, nawe umempeleka kwa farasi mara mbili. Alirudi mwenyewe, ukamtoa tena. Ungekuwa wewe, ungegeuza jiwe kijiji kizima.

Daftari jipya sitaki kulisikia. Fundi naye mwache, jiwe halina haraka. Kesho kabla ya kengele mwambie kwa mdomo wako, si kwa kikaratasi: "Nilikusahau, nisamehe." Halafu andika sura ya kumi. Binti yako atoke, amfuate mwenzake langoni, amwombe radhi, na hapo hapo ukome. Usimwandikie jibu, hata kama unalijua. Mpe kalamu, ukae kimya, usubiri.