Hakusema Soda

Abba, baba yangu mpendwa,

Salaam aleikum huko ulikolala. Nilitaka nianze kwa dua ndefu kama inavyomstahili marehemu, lakini leo nimekasirika, na wewe hukunilea nifiche hasira. Dua nitaiomba nikimaliza.

Unakumbuka siku ile kliniki? Daktari alikuambia, "Mzee, una sukari. Acha sukari," kisha akaita mgonjwa mwingine. Maneno matano tu. Ugonjwa jina lake sukari, na kwenye kopo la mama mna sukari, ukaona mambo yamekwisha. Tulipofika nyumbani Kiwanjani ulilifunika kopo lile kwa kiganja mbele ya mama, ukatangaza kwamba wewe na hilo basi.

Neno lako ulilishika, sikatai. Ulikunywa chai chungu huku umekunja uso. Ulienda kwa watu ukawatia wake zao aibu, maana hapa kwetu nani anampa mgeni chai isiyo na sukari? "Mimi nimeacha," ulikuwa ukiwaambia kwa majivuno. Mtaa mzima ukakusifu.

Halafu saa sita unakuja kibandani kwangu, pale soko la mifugo, na miraa yako mkononi. "Talaso, lete baridi." Soda ya kwanza, ya pili, na ya tatu kabla ya alasiri. Siku moja nilikuuliza kama hizo soda hazina neno. Ukanitazama kama unavyomtazama mnunuzi anayetaka ngamia kwa bei ya mbuzi. "Daktari alisema sukari. Hakusema soda." Tukacheka. Abba, tulicheka! Nami nikakufungulia nyingine.

Mwiba ulikuchoma mguuni usisikie. Kidonda kikakataa kupona, na kilichofuata unakijua kuliko mimi.

Siku hizi mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Nimepewa kifaa cha kupima sukari na nyumba zangu za kuzungukia huko Chechelesi. Kwenye mafunzo, mwalimu alichukua chupa tupu ya soda, akaanza kumimina sukari ndani, kijiko baada ya kijiko, atuonyeshe tunachokunywa. Wenzangu walishangaa. Mimi nilitoka nje nikalia kwa hasira. Jambo la kuonyeshwa kwa chupa na kijiko, na sisi hakuna aliyetuonyesha.

Basi nazunguka, naongea mpaka koo linakauka. Tembeeni, kuleni mboga, mje mpimwe. Wananiitikia "sawa, sawa" huku wakinikaribisha soda! Lakini anayenimaliza kabisa ni mdogo wako, Baba Guyo. Mwezi huu nilimpima, sukari iko juu vibaya. Nikamwambia aende hospitali na aache vitu vitamu. Akanijibu mbele ya wazee wenzake, "Ndugu yangu aliacha sukari kabisa, na bado alikufa. Sasa mimi naacha ya nini?" Mkononi ameshika soda. Wazee wakaitikia, kweli, kweli.

Umeona ulichoniachia? Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, wanasema. Huyu amekuona ukinyolewa, amekataa hata kulowesha kichwa, na anayempa sababu ni wewe.

Wiki nzima nilinyamaza. Nilijiambia kosa la marehemu halitajwi. Uongo. Niliogopa kwa sababu aliyezifungua zile chupa ni mimi.

Jana nilichoka. Nikamfuata Baba Guyo sokoni, wazee wote wamekaa, nikasema, "Abba hakuacha sukari. Aliacha ya chai tu. Ya soda alikunywa chupa tatu kila siku."

Baba Guyo akatoa miraa mdomoni. "Nani alikuwa anampea?"

"Ni mimi."

Nilingoja anitukane. Aliiweka chupa yake chini kando ya fimbo. "Haya, niletee maji," akasema. "Kama vile ulikuwa unaletea yeye. Na kesho tutaenda huko hospitali, lakini usinishike mkono kama mtoto."

Nisamehe kwa kukutaja mbele ya watu, Abba. Nilichota yale maji nikilia, na bado nimekukasirikia, na nimejikasirikia zaidi. Yalikuwa kwenye mtungi uleule wa kibandani kwangu, hatua mbili kutoka ulipokuwa ukikaa.

Sasa naiomba ile dua. Pumzika.

Binti yako, niliyekufungulia chupa.