Filamu Niliyoipima Bila Ungo Wako

Mama Ayikoru wangu,

Leo ni Ijumaa, mchana, na nimekaa kwenye kibanda chetu cha video, benchi la tatu, upande wangu. Soko la Koboko linapiga kelele nje kama ulivyoliacha. Humu ndani niko peke yangu na televisheni.

Nakumbuka Ijumaa zako. Filamu ya familia ya Jumapili haikuoneshwa mpaka wewe uipime. Ulikuja na ungo wa maharage, ukaniamuru nizime sauti, ukachambua huku macho yako yakiwa kwenye picha. Mkono wako ukisimama juu ya ungo, mimi naandika dakika ile kwenye karatasi, maana hapo pana jambo. Niliuliza mara moja kwa nini hutaki sauti. Ukasema, "Mudomo iko nadanganya. Uso hapana." Nikajua unanisema mimi, mwenye kipaza sauti, ninayefasiri mpaka Kichina nisichokijua, ili Mkakwa, Mlugbara na Mkongo wacheke pamoja kwa Kiswahili.

Na hukumu zako zilinishangaza. Zimwi la vichwa vitatu kutoka sayari nyingine ulilipitisha, hata harage moja halikukuponyoka. Kisha ukakataa filamu nzuri ya roboti, kwa sababu tu baba mmoja alimcheka mwanawe mbele ya watu. Nilibisha sana siku ile. "Zimwi, watoto iko najua ni uongo," ukaniambia. "Baba kama huyu iko hapa Koboko."

Sasa nisikilize, maana nimeharibu.

Wiki mbili zilizopita nililetewa filamu kutoka Arua, kwenye flashi. Mama na watoto wake wawili wanasafiri angani kwa chombo, wanatua kwenye sayari ya mchanga, wanakimbizwa na wadudu wakubwa kama ng'ombe. Niliipima mwenyewe. Damu hakuna, uchi hakuna, matusi hakuna. Kuna mahali mlango wa chombo umekwama, na yule mama anatoka nje kuusukuma ili watoto wapone. Mlango unafungwa, naye anabaki huko. Ungekuwapo, mkono wako ungesimama. Mimi nilisema moyoni, hapa nitaparekebisha kwa mdomo.

Jumapili ya wiki ile watu walitoka kanisani wakajaa. Ayikoru alikaa mbele kwenye mkeka na wenzake. Mlango ulipofungwa, nikasema kwenye kipaza sauti, "Mama ameenda kuchota maji kwenye mwezi, atarudi sasa hivi." Watu wakacheka. Wewe ungenikata jicho. Siku zote ulinikanya: "Hapana danganya watoto. Kama mutu amekufa, sema amekufa."

Filamu iliisha, watu wakatoka. Binti yako hakuinuka mkekani.

"Baba, ile maji iko mbali sana?"

"Maji gani?"

"Ya yule mama. Picha imeisha, yeye hapana rudi."

Nikajidai nakunja nyaya. Ndipo akauliza, taratibu kabisa, "Na mama yetu? Arua iko mbali kupita mwezi?"

Mke wangu, siku ile gari lilipokupeleka hospitali Arua, nilimwambia mtoto utarudi Ijumaa. Hukurudi. Tulipokuzika kule kijijini Lurujo, mtoto alikuwa mgongoni kwa shangazi yake, akaona watu wanalia, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia neno. Tulisema ni mdogo, ataelewa akikua. Tangu hapo kila Ijumaa alichukua ungo wako ukutani nyumbani, akauleta hapa na kuuweka kwenye benchi, mahali pako. Nilidhani anakukumbuka, na nikawasifia majirani upendo wake. Kumbe alikuwa anakutayarishia kazi.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikwenda mwaka mzima.

Nilikaa naye mkekani. Nikamwambia yule mama alikufa pale mlangoni, na mama yetu alikufa Arua, na hakuna aliye njiani. Akaniuliza, "Iliuma?" Nikamwambia ndiyo, iliuma, halafu ikaacha. Akalia sana, nami nikalia, na kwa mara ya kwanza tulilia jambo moja.

Jumapili iliyopita niliionesha tena ile filamu. Mlango ulipofungwa nikasema, "Mama amekufa. Amewaokoa." Mwanamke mmoja akamvuta mwanawe karibu, na hakuna aliyetoka. Nadhani ungeipitisha, Mama Ayikoru. Filamu haikuwa na kosa. Mfasiri wake ndiye hakufaa kwa familia.

Ijumaa iliyopita Ayikoru alikuwa kwa shangazi yake, kwa hiyo leo nimeandika huku nikimsubiri hapa saa ile ya kupima. Amekuja sasa hivi kutoka shule, akanisalimu, akakaa upande wangu wa benchi, akanibana kidogo. Mikono yake ilikuwa mitupu.

Ungo umebaki nyumbani, ukutani. Nilitaka ajue ukweli, na sasa anaujua. Hukuniambia kwamba siku akiujua, nitakuwa nimebaki mimi peke yangu ninayekutazamia.

Pumzika huko Lurujo. Nitakuja na mtoto kupalilia kaburi lako.

Mumeo,
Baba Ayikoru