Ubao Chini ya Rangi Mpya

Jumanne, baada ya isha

Bado nina hasira na kaka yangu Yusuf. Mashua ya tanga tuliyonunua Kipini ni kuukuu, na leo tulishinda kando ya Tana tukiziba nyufa kwa pamba na lami. Kumbe ameshawaahidi majirani kuwavusha kesho hadi Madogo, maana barabara imefunikwa na mafuriko.

Nilikwangua rangi mpya karibu na mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba mashua. Msumari niliokuwa nikikwangulia ukazama kwenye ubao kama kwenye ndizi mbivu.

“Pakaa lami, abaayo, dada yangu,” Yusuf akasema. “Tunavuka mto tu, hatuendi Lamu.”

“Na mama akiwa ndani?”

Mama amekwama Madogo na dawa zake za presha zinaisha. Ndiye tuliyetaka kumrudisha nyumbani kwanza.

Yusuf alichukua msumari akajaribu mwenyewe, kisha akajaribu pengine. Akaondoka kwenda kuwaambia majirani kwamba hakuna safari.

Nilishusha pumzi. Kesho tunang’oa ubao wote.

Lakini mama amepiga simu sasa hivi kuuliza tunakuja saa ngapi. Nikamwambia mashua bado. Akasema haidhuru, atakuwa anameza nusu kidonge.