Mbwa Amefungwa

Jumatatu, 6 Juni 1977
Baridi ya Mbeya inakera. Nimekuja na makoti mawili kutoka Kihesa, hayatoshi. Asubuhi boila ya kiwanda, jioni boila. Saa ya usalama nimeiweka dakika kumi. Mtu wa boila akitazama kioo cha maji anabonyeza kitufe, saa inaanza kuhesabu upya. Asipobonyeza, king'ora kinalia na mafuta yanakatika. Nimemweleza Mzee Ambokile, mwendesha boila: kifaa hiki ni kama mbwa wa lindo, usipomlisha anabweka. Alicheka sana.

Mbwa koko wa getini kararua tena magunia ya pareto. Nimeandika kwenye kitabu cha zamu afungwe.

Alhamisi, 9 Juni
Meneja hataki kelele. Wageni wa mkoani wanakuja. Anataka saa niiweke dakika arobaini. Nimekataa, maji yakikatika boila haingoji dakika arobaini. Kanuna. Mchana kamwondoa msaidizi wa Ambokile, kampeleka kubeba magunia. Sasa mzee wa watu yuko peke yake: pampu, mafuta, moto, kitufe. Kinyaa kitupu.

Jumatano, 15 Juni
Siku mbili nilikuwa Igawa, kutengeneza pampu. Nimerudi, nimekuta kwenye kitabu cha zamu mwandiko wa Ambokile: "Mbwa amefungwa. Hasumbui tena." Angalau yupo anayesikia ninachosema. Nimetia sahihi.

Ijumaa, 17 Juni
Maji yamekauka, mrija wa boila umepasuka. Ambokile ameungua mikono yote miwili. King'ora hakikulia.

Kitufe nimekikuta kimebanwa na mpira wa tyubu ya baiskeli, saa isihesabu. Umezungushwa mara nne, fundo safi. Kumbe mbwa ndiye huyu. Yule koko alikuwa getini anaota jua, hana hata kamba.

Jumamosi, 18 Juni
Msaidizi kanieleza. Meneja mwenyewe ndiye aliyesema, "Lifunge hilo dude, mzee, wageni wasisikie kelele." Ripoti ya Meneja haina neno hilo. Inasema uzembe wa mfanyakazi. Maana yake mzee anafukuzwa bila fidia.

Nilianza kubisha. Meneja akafungua kitabu cha zamu, akaweka kidole juu ya sahihi yangu. "Na wewe, Ndugu Fundi, uliona ukanyamaza."

Nimesaini ripoti. Sahihi imetoka safi, kama ile ya kitabu cha zamu. Ndicho kinachonichefua zaidi.

Jumanne, 21 Juni
Nimebadilisha nyaya. Sasa kukibana kitufe hakusaidii kitu, lazima kiachiwe, kibonyezwe upya. Kazi ya nusu saa. Ningeifanya tangu mwanzo, mpira ule usingefaa kitu. Sikuwaza. Najiona fundi uchwara.

Meneja kapita, kasifu kazi.

Jumapili, 26 Juni
Hospitali. Ambokile amefungwa bandeji hadi viwikoni. Mkewe alikuwa anamlisha uji kwa kijiko, anapuliza kwanza. Habari ya ripoti hawajaambiwa.

Mzee alishukuru kwamba nimekuja. Alimeza kijiko kimoja, akasema taratibu, "Unisamehe, mwanangu. Nimekuharibia mashine."

Nilikuwa nimekuja kumwambia kwamba ripoti nimeisaini. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima.

Nikasema, "Nimekusamehe, mzee."

Mkewe akanipisha kwenye kiti.